Jack Brabham: Bingwa Aliyeendesha Motokaa Yenye Jina Lake Mwenyewe

Siku ya 12 Desemba, 1959, huko Sebring katika Marekani, watu waliona jambo la ajabu. Dereva aliyekuwa akiongoza mashindano alishuka katika motokaa yake, akaanza kuisukuma kwa mikono. Petroli ilikuwa imemwishia katika mzunguko wa mwisho kabisa. Kijana wa kampuni yake, Bruce McLaren, alipunguza mwendo alipomwona, lakini yeye akampungia mkono aendelee, na kijana akashinda. Sheria zilikataza mtu yeyote kumsaidia, basi Bwana Jack Brabham akaisukuma peke yake mamia ya yadi hata akavuka mstari. Akawa wa nne, na kwa hesabu ya mwaka mzima akawa bingwa wa dunia.

Alizaliwa mwaka 1926 katika Hurstville, karibu na Sydney, Australia, na baba yake alikuwa mwuza mboga. Kwa malori ya mboga hizo mtoto alijifunza kuendesha kabla umri wa leseni haujafika. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi ya ufundi mchana na kusoma jioni. Wakati wa vita alitaka kuwa rubani, lakini jeshi la anga lilikuwa na haja ya mafundi, likamweka kutengeneza injini za ndege. Vita vilipokwisha alifungua karakana yake nyuma ya nyumba ya babu yake.

Mwaka 1955 alikwenda Uingereza, akaingia kwa akina Cooper, baba na mwana, waliounda motokaa ndogo zenye injini nyuma ya dereva. Wakubwa wa mashindano walizicheka. Lakini Brabham alipata ubingwa kwazo mwaka 1959 na tena 1960, na kicheko kikaisha.

Mtu mwingine angeridhika. Yeye aliona kwamba angeweza kuunda motokaa bora kuliko zile alizopewa. Akamwita kutoka Sydney rafiki yake wa zamani, Ron Tauranac, mchoraji wa mitambo hodari, wakaanzisha kampuni yao. Waliiita motokaa yao ya kwanza kwa herufi MRD, mpaka walipoambiwa kwamba Wafaransa wakizitamka herufi hizo hutokea neno la matusi! Ndipo wakaiita Brabham. Fedha nyingi za kampuni zilitokana na kuwauzia madereva wengine motokaa.

Mwaka 1966 sheria ziligeuzwa, injini zikaruhusiwa kuwa za lita 3. Wengi walikimbilia mitambo mikubwa yenye nguvu nyingi. Brabham aliiendea Repco, kampuni ya Australia yenye kuuza vipuri, ikamtengenezea injini nyepesi isiyokula petroli nyingi wala kuharibika ovyo. Alishinda Ufaransa, Uingereza, Uholanzi na Ujerumani mfululizo. Magazeti yalikuwa yakimwita mzee, kwa kuwa alikuwa na miaka 40. Basi huko Zandvoort alijitokeza mbele ya watu amevaa ndevu za bandia, akijikongoja kwa fimbo, kisha akaingia katika motokaa na kuwashinda wote. Hakuna dereva mwingine aliyepata ubingwa wa dunia katika motokaa yenye jina lake mwenyewe.

Lakini kuwa dereva na mwenye kampuni pamoja kuna gharama. Mwaka 1967 kila kipuri kipya alikijaribu kwanza katika motokaa yake mwenyewe, na vingine vilivunjika mashindanoni. Denny Hulme, aliyewahi kuwa fundi katika karakana yake, akawa bingwa kwa pointi 51, naye Brabham akapata 46.

Mwaka 1970 alishinda Afrika Kusini, lakini huko Monaco aliteleza katika kona ya mwisho, na huko Brands Hatch petroli ikamwishia tena katika mzunguko wa mwisho. Mara zote mbili aliyempita ni Jochen Rindt. Mwisho wa mwaka aliacha mbio, akamwuzia Tauranac sehemu yake, akarudi Australia kukaa katika shamba. Mkewe alitumaini kwamba huko watoto wao watakua mbali na mashindano. Watoto hao ni watatu, Geoff, Gary na David, na wote watatu wakawa madereva wa mbio.