Juu ya nini watu wanamupenda Apolosa, mtu asiye na adabu?

Wazazi wengi ku Minova wanaogopa vitabu vya katuni. Wanasema: huyu mtu wa ndani hana heshima, atafundisha mtoto nini? Swali hilo ni la zamani katika Kongo.

Mwaka 1968, kule Kinshasa, gazeti Jeunes pour Jeunes lilianza kutoka. Walilianzisha Achille Ngoye na Freddy Mulongo. Humo ndimo vijana walimufahamu Apolosa, polisi aliyechorwa na Boyau. Hakuwa shujaa wa kuigwa shuleni. Kurasa zile zilijaa kihindubill, lugha ya vijana wa mitaani, ile ambayo mwalimu alikataza.

Juu ya nini walimupenda? Mtu akisimamishwa ku bariere hawezi kumucheka mwenye silaha, atalipa tu na kupita. Ndani ya kitabu, mkubwa yule yule anakuwa mdogo. Msomaji anacheka kwa sababu anamutambua.

Ngoye aliendelea na jicho hilo katika riwaya. Mwaka 1996, Agence Black Bafoussa ilitoka Paris, katika Série noire ya Gallimard. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuandika humo.

Basi, mzazi, mbele ya kunyanganya kitabu, uliza kwanza: umecheka nani, na juu ya nini? Kama mtoto anacheka mnyonge, hapo iko kazi ya kumuonya. Kama anacheka mwenye kuonea watu, amesoma vizuri.