Je, Wajua? Sheria Ndogo ya Dadu Hugeuza Mchezo Mzima

Aliyecheza ludo katika nyumba mbili tofauti anajua kwamba sheria si moja: hapa ukipata sita mara tatu mfululizo unapoteza zamu, kule unaendelea tu. Mambo ni hayohayo kwa wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mashujaa uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezaji anasema shujaa wake anafanya nini, mwongozaji anaeleza kinachotokea, na penye shaka dadu inaamua. Karibu kila kundi lina sheria zake za nyumbani kuhusu dadu hizo.

Je, wajua kwamba sheria inayoshangiliwa kuliko zote ilipingwa na Gygax mwenyewe? Ni ile ya pigo maradufu: ukirusha dadu ya pande 20 ikaangukia 20, adui anaumia mara mbili. M. A. R. Barker aliiweka katika mchezo wake, Empire of the Petal Throne, mwaka 1975, na meza nyingi zikaipenda. Gygax aliikataa. Katika kitabu cha mwongozaji cha 1979 alieleza kwamba sheria kama hiyo lazima iwahusu na maadui, na hapo maisha ya mashujaa yatakuwa mafupi. Alikuwa sahihi kabisa. Zimwi huingia mezani kwa pambano moja, likafa, likasahaulika. Shujaa hupigana wiki baada ya wiki, na kila adui anayemshambulia ana nafasi 1 katika 20 ya kumpiga maradufu. Kwa hiyo anayelipia shangwe ile, siku zikienda, ni mchezaji yuleyule aliyeiomba. Hata hivyo shangwe ilishinda: toleo la 1989 liliiruhusu kwa hiari, na lile la 2000 likaifanya kuwa sheria rasmi.

Ndugu yake ni sheria ya balaa: dadu ikiangukia 1, upanga unamponyoka shujaa, au anamkata mwenzake. Inachekesha mara ya kwanza. Lakini hebu tuhesabu. Mpiganaji mwanagenzi hushambulia mara moja kwa zamu, kwa hiyo balaa humpata kwa asilimia 5. Katika toleo la 2014, mpiganaji aliyefika daraja la juu kabisa hushambulia mara nne kwa zamu, na uwezekano wa kupata angalau 1 moja unapanda hadi karibu asilimia 19. Bingwa wa upanga anajikwaa mara nyingi kuliko aliyeanza jana! Mchawi, ambaye uchawi wake mwingi hauhitaji arushe dadu ya kushambulia, anakaa salama pembeni. Mimi sheria hii ningeiondoa mezani bila kusita. Anayeipenda sana basi aihesabu kwa shambulio la kwanza tu la kila zamu.

Je, wajua kwamba dadu ndogo inaweza kuizidi kubwa? Kuna sheria ya dadu kulipuka: ukipata namba ya juu kabisa, unarusha tena na kujumlisha, na ikitokea tena unaendelea. Mchezo wa Savage Worlds, uliotoka 2003, unaitumia rasmi, na humo ujuzi ukiwa mkubwa dadu nayo huwa kubwa. Sasa tuseme unatakiwa kufikisha 6. Ukiwa na dadu ya pande sita, lazima upate 6 yenyewe: karibu asilimia 16.7. Ukiwa na ya pande nne, unahitaji 4 kwanza, kisha 2 au zaidi: asilimia 18.75. Shujaa mwenye ujuzi mdogo anamshinda mwenye ujuzi mkubwa, na ni kwa sababu ya namba hiyo moja tu. Ukitaka kuleta mlipuko nyumbani kwako, angalia kwanza namba mnazolenga.

Kuhusu nguvu za shujaa mpya, zamani zilipatikana kwa kujumlisha dadu tatu za pande sita, ambapo 18 hutokea mara 1 katika 216. Ukirusha nne na kutupa iliyo ndogo kuliko zote, 18 inatokea karibu mara 1 katika 62. Dadu moja ya ziada, na mashujaa wanazaliwa wakiwa vigogo.

Dadu zenyewe zilikuwa adimu. Ken St. Andre alipotunga Tunnels & Trolls mwaka 1975 alitumia zile za pande sita peke yake, kwa kuwa zilipatikana kila mahali. Nyingi za awali za pande 20 ziliandikwa 0 hadi 9 mara mbili, hivyo mchezaji alipaka nusu ya namba rangi nyingine ili zihesabiwe 11 hadi 20.

Na mwaka 1979 dadu zilipoadimika, kampuni ya TSR iliweka vikaratasi vyenye namba ndani ya maboksi ya Dungeons & Dragons, vya kuchomoa kutoka kikombeni. Nawe unaweza kufanya hivyo kwa mkasi na kalamu. Ila kubalianeni mapema kama kikaratasi kitarudishwa. Kikirudishwa, una dadu halisi. Kisiporudishwa, kila namba itatoka mara moja tu katika 20, na aliyekwisha kuchomoa 1 yake atapigana bila hofu mpaka kikombe kijazwe upya.