Mwalimu na Vyombo vya Kazi Yake

Mtoto akipanda madarasa pasipo kujua kusoma, hutatizika katika masomo yote, kwani kila somo lina kitabu chake. Hapo mwalimu hulaumiwa, ikasemwa kwamba hakufunzwa vema. Lakini je, mafunzo peke yake yatosha?

Jambo hili lilichunguzwa nchini Kenya kuanzia mwaka 2011 hata 2014, katika mpango wa Wizara ya Elimu ulioitwa PRIMR. Nakuru ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoshiriki, pamoja na Nairobi, Kiambu na Kisumu. Wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili walipimwa katika kusoma na katika hesabu.

Ndani ya mpango huo, mafungu matatu ya shule yalilinganishwa. Katika fungu la kwanza walimu walipewa mafunzo, na washauri wakawatembelea madarasani. Katika la pili, pamoja na hayo, kila mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe. Katika la tatu, juu ya hayo yote, mwalimu alipewa kitabu cha mwongozo kinachoeleza kila somo hatua kwa hatua.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba fungu la tatu ndilo lililoendelea zaidi. Tangu mwaka 2015 njia hiyo ilikuwa imekwisha kuenezwa nchini kote kwa jina la Tusome.

Seremala hodari hawezi kulainisha ubao pasipo randa. Mwalimu naye, hata akiwa na ujuzi, ahitaji vyombo vya kazi yake.