Ukuta wa Mafuta

Neno mafuta limechafuka. Likitajwa tu, mawazo huenda kwenye kitambi, presha na makatazo ya daktari. Lakini mtu akiondolewa mafuta yote mwilini hatakuwa mwembamba; hatakuwepo, kwa sababu kila seli yake itamwagika. Kinachoitenga seli na maji yaliyo nje yake ni utando wa mafuta, mwembamba kiasi kwamba tando 200,000 zikipangwa moja juu ya nyingine hufikia kama milimita moja tu. Tumezoea kuambiwa kwamba mafuta ni akiba ya nguvu, na ni kweli: gramu moja hutoa takriban kilokalori 9, ilhali ya wanga hutoa 4. Ila akiba ina njia nyingine. Muhogo huweka yake kama wanga na hustawi. Seli iliyo hai bila utando wa lipidi, yaani jamii ya mafuta, haijapata kuonekana. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi kuu ya mafuta ni kuweka mpaka.

Mpaka huo hujengwa na kitu anachokijua kila mpishi. Tui likiachwa bakulini, mafuta yake hupanda juu, maji yakabaki chini. Lipidi za utando, ziitwazo fosfolipidi, zina pande mbili: kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikitiwa majini hujipanga safu mbili, vichwa vikitazama maji ya nje na ya ndani, mikia ikijificha katikati. Hakuna fundi anayezipanga. Na kwa kuwa ukingo ulio wazi ungeiacha mikia ikiguswa na maji, utando hujikunja na kujifunga. Ukitobolewa kidogo, huziba wenyewe.

Ushahidi wa safu mbili ulitoka Uholanzi mwaka 1925. Watafiti Gorter na Grendel walitoa mafuta kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona eneo lake linakaribia kuwa mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Baadaye ilibainika kwamba walikosea mara mbili: hawakuyatoa mafuta yote, na eneo la chembe walilipima dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo yalifidiana. Je, hoja ianguke? Ingeanguka kama ingesimama peke yake, lakini hadubini za elektroni zilikuja kuonyesha mistari miwili myeusi ukingoni mwa seli. Sabuni nayo hushuhudia kila siku: huua virusi vya korona kwa kuvivua koti lao la mafuta.

Wapo watakaosema kwamba utando ni kiambaza tu, kazi hufanywa na protini. Kweli protini ndizo milango na pampu. Lakini watafiti Singer na Nicolson walieleza mwaka 1972 kwamba protini hizo huelea ndani ya mafuta, na mafuta yakiganda, kazi nyingi hukwama. Asidi za mafuta, yaani ile mikia, zikinyooka hushikana, ndiyo sababu samli huganda. Zilizopinda hubaki majimaji, kama mafuta ya alizeti. Samaki wanaoishi kwenye maji yenye baridi kali wana nyingi za aina hii ya pili. Katika seli za wanyama, kolesteroli huuzuia utando usilegee mno wala kukakamaa. Hapa ndipo lilipo pingamizi zito zaidi: kolesteroli hiyohiyo huziba mishipa ya moyo. Huziba, inapozidi katika damu na kurundikana kwenye kuta za mishipa, na onyo la daktari ni la haki. Lakini ini lenyewe huitengeneza, na mwili huitumia kuunda nyongo, vitamini D na homoni za uzazi.

Mpaka wa mafuta upo hata pale maji yanapokutana na hewa. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua yalipungukiwa na ute wa kulegeza mvutano wa maji, ute ambao sehemu yake kubwa ni fosfolipidi. Bila ute huo, vifuko vya hewa hunywea kila mtoto anapotoa pumzi. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake huko Japani waliwatilia watoto 10 ute uliotengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe, na vifuko vikafunguka.