Wageni wa Januari katika delta ya Rusizi

Na Mwandishi Wetu, Gatumba

NI saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwezi Januari. Barabara ya Bujumbura kuelekea Gatumba imekwisha kuamka. Baiskeli zinapita na magunia ya unga na mikungu ya ndizi. Kando ya barabara watu tisa wanashuka kwenye basi dogo. Wana mabuti ya mpira, daftari moja na darubini mbili za kuazimana.

Hawa ni wapenda mazingira. Wamekuja kuhesabu ndege katika Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, pale mto unapoingia Ziwa Tanganyika. Kuna walimu, wanafunzi, mvuvi mstaafu, na mama mmoja muuza ndagala. Anayewaongoza ni mkazi wa Buyenzi ambaye wote humwita Mzee.

"Tembeeni nyuma yangu," anaonya. "Kiboko hapendi mtu asimame kati yake na maji."

Kwa nini Januari? Mzee anaeleza kuwa mwezi huo Ulaya na Asia ya kaskazini ziko katika baridi kali. Maji yameganda, wadudu hakuna. Ndege wa huko huwa wamekwisha kuhamia kusini na kutulia, hivyo kuwahesabu ni rahisi. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini imekuwa ikifanyika kila Januari tangu mwaka 1967. Rusizi nayo iliandikishwa mwaka 2002 katika mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu.

Kwenye tope kuna vitwitwi wanaochokoa wadudu, na buabua wanazunguka juu ya maji. Mbayuwayu wanapita chini chini juu ya matete.

Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Safari yake ilithibitishwa zamani: aliyevishwa pete mguuni huko Uingereza mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.

Mwalimu mmoja kijana anacheka. Yeye alikulia kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, akarudi nyumbani kambi ilipofungwa mwaka 2012.

"Hata kule kambini walikuwepo," anasema. "Sisi tulikuwa tunapanga foleni ya karatasi, wao wanapita juu tu."

"Usiwaonee wivu," Mzee anamjibu. "Ifikapo Machi au Aprili lazima wawe na mafuta mwilini ya kuwarudisha kwao. Wakikuta matete yamekatwa na tope limelimwa, watakula nini? Aliyerudi akakuta shamba lake limechukuliwa anajua habari hiyo."

Mwalimu anakaa kimya. Baadaye anasema kesi ya shamba la baba yake ilichukua miaka minne.

Maji nayo yamebadilisha mengi hapa. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake, na maelfu ya wakazi wa Gatumba wakapoteza makazi. Mama wa ndagala ni mmoja wao. Anasema ndiyo sababu alijiunga na kikundi: alipoona mto umeingia jikoni mwake, alitaka kujua matete yanafanya kazi gani. Mzee alimwambia kuwa matete hupunguza kasi ya maji na kushika udongo.

Ghafla wote wanasimama. Korongo taji wawili, misambi, wanatembea polepole kwenye nyasi. Hawa si wageni. Ni wenyeji wa hapa. Tangu mwaka 2012 wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Mama anasimulia kwa sauti ya chini. Kuna mwaka kijana mmoja alimletea kinda wa msambi ndani ya kapu, akitaka amvushe mpaka pamoja na samaki. Fedha aliyoahidiwa ilizidi faida yake ya wiki.

"Nilimkatalia kwa kuogopa forodha," anakiri. "Leo ningemkatalia kwa sababu nyingine."

Hofu yake ilikuwa na msingi, kwani biashara ya msambi kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku tangu Januari 2017. Huko Rwanda, misambi waliofugwa bustanini walianza kukusanywa mwaka 2014. Wenye afya walipelekwa Akagera. Wale ambao mbawa zao ziliharibiwa wasiweze kuruka tena wanatunzwa Umusambi Village, Kigali.

Saa nne jua linakuwa kali. Mzee anafunga daftari, lakini mama anamwomba alifungue tena. Anataka kuhakikisha wale wawili wameandikwa.

Wameandikwa. Anafunga kitenge chake vizuri, anasimamisha baiskeli ya kukodi, na kuelekea sokoni kabla ndagala hazijaharibika.