Mjusi-kafiri magamba-samaki

Mijusi-kafiri magamba-samaki ni mijusi wa jenasi Geckolepis katika familia Gekkonidae. Wanatokea Madagaska na visiwa vya Komori tu. Jenasi hii ilielezwa na Mfaransa Alfred Grandidier mwaka 1867.

Maelezo

Mwili umefunikwa na magamba makubwa yanayopandana kama ya samaki. Rangi ni kijivu au kahawia, kwa hiyo ni vigumu kuwaona juu ya magome ya miti. Hukiakia usiku na hula wadudu.

Akikamatwa na mbuai, mjusi huyu huacha magamba yake pamoja na ngozi kinywani mwa adui na kukimbia akiwa uchi. Hilo linawezekana kwa sababu ngozi ina tabaka maalumu linaloachana kwa urahisi na nyama iliyo chini yake. Baada ya wiki chache ngozi na magamba huota tena bila kovu. Mijusi wengi hukata mkia tu, lakini hawa hupoteza hata ngozi ya mgongo. Tangu karne ya 19 wakusanyaji wametumia pamba kuwakamata wasichunike, lakini mara nyingi magamba hutoka hata hivyo.

Uainishaji

Tabia hiyo imewasumbua wanasayansi, kwani spishi nyingi za mijusi hutambuliwa kwa idadi na mpangilio wa magamba. Siku hizi wataalamu hulinganisha pia DNA na mifupa. Kwa njia hiyo Geckolepis megalepis ilitangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2017. Magamba yake ni makubwa kuliko ya mijusi-kafiri wengine wote, na huchunika kwa urahisi zaidi.

Makazi

G. megalepis anaishi Ankarana, kaskazini mwa Madagaska, penye miamba ya chokaa iliyochongoka inayoitwa tsingy. Spishi nyingine huishi misituni. Visiwa vya Komori vilitokana na volkeno na havikuwahi kuungana na bara, kwa hiyo mababu wa mijusi wa huko walifika kwa kuvuka bahari.

Misitu ya Madagaska inapungua kwa kukatwa na kuchomwa moto. Spishi yenye eneo dogo haina pa kuhamia, na ile isiyotambuliwa bado inaweza kutoweka kabla ya kupewa jina.