Fahamu: Nani analinda usalama wa chakula Tanga?

Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti, kikiwemo cheti kinachoonyesha kuwa sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Tanga, yenye mpaka wa Horohoro, inahusika moja kwa moja.

Sumukuvu ni nini?
Ni sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Nani anahusika?
Julai 2019, usalama wa chakula ulihamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ambayo sasa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwenda Shirika la Viwango (TBS). Mamlaka ya TPHPA husimamia afya ya mimea na viuatilifu. Samaki wako chini ya wizara yenye dhamana ya uvuvi, maziwa yana Bodi ya Maziwa, na maafisa afya wa halmashauri hukagua masoko na migahawa.

Kwa nini washirikiane?
Mahindi yakivunwa Handeni yakiwa mabichi, wa kwanza kujua ni ofisa ugani. Asipotoa taarifa, tatizo hugunduliwa mpakani, hasara ikiwa imeshamfika mkulima, au haligunduliki kabisa.

Taasisi zipeane taarifa mapema. Nawe kausha nafaka juu ya turubai, hifadhi pakavu, na usile wala kulisha mifugo punje zenye ukungu.